Mkono mdomoni, jina hakuna

KUTOKA GRABEN
Na Masika Kahindo

Katika grupu la WhatsApp la ukoo wetu yuko mama mdogo mmoja wa Beni ambaye haandiki. Habari mbaya ikitoka upande wa Oicha au Mbau, sisi wengine tunaandika pole, tunaandika maombi marefu. Yeye anarusha stika moja tu, ileile kila mara: mchezaji wa Leopards, timu yetu ya taifa ya Congo, anapandisha kiganja na kuziba mdomo, mkono wa pili unaleta vidole viwili penye panja kama bastola. Mikono inashuka, inapanda tena. Usipofunga simu, haitaacha.

Ilikotoka hakuna asiyejua. Tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, nusu fainali ya Kombe la Afrika, wimbo wa taifa unapigwa na vijana wetu wanaiambia dunia kwamba mashariki ya Congo watu wanauawa na midomo imezibwa. Côte d'Ivoire walitufunga 1-0. Bao lile siku hizi halizungumzwi na mtu hapa Butembo, lakini ishara bado inazunguka.

Juzi niliiangalia picha ya siku ile na kugundua jambo nililopaswa kuligundua mapema. Wakati wa wimbo wachezaji walisimama tuli. Mikono ya kwenye stika ndiyo inayopanda na kushuka, kwa hiyo kuna mtu aliyekaa na simu au kompyuta yake akaichezesha. Nikaibonyeza stika ya mama mdogo, kwa sababu stika za namna hiyo hubeba jina la mkusanyiko wake na jina la aliyeutengeneza. Jina la mkusanyiko: "Est", yaani Mashariki. Penye jina la mtengenezaji pana nukta tatu.

Nilianza kuuliza. Mama mdogo aliitoa kwa binamu, binamu aliitoa kwa wanakwaya, mwanakwaya mmoja ana hakika ilitoka Goma, mwingine anaapa ni kazi ya mtoto wa Beni. Hapo nikakwama.

Picha zinazocheza zina historia, na kwa wenzetu historia hiyo ina majina. GIF ilitoka mwaka 1987 katika kampuni ya CompuServe ya Marekani, kwenye timu ya Steve Wilhite. Shida yao ndiyo yetu ya leo: laini nyembamba, picha nzito. Wakaibana picha ibaki na rangi 256, na rangi inayojirudia iandikwe kwa mkato. Toleo la 1989 likaweza kupanga muda kati ya picha na picha. Mwaka 1995 programu ya Netscape ikaiwezesha kujirudia bila kikomo. Mwaka 1996 akaja yule mtoto mwenye nepi anayecheza dansi, ambaye kila aliyepita kwenye saiba alimwona, na hata yeye waliomuumba wanajulikana, Michael Girard na Robert Lurye wakiwa miongoni mwao. Ugomvi nao umeandikwa: kampuni ya Unisys iliyomiliki hataza ya ule ubanaji ilianza kudai malipo mwishoni mwa 1994, wenye hasira wakatangaza siku ya kuchoma GIF zote, Novemba 1999, na hataza ikaisha Marekani mwaka 2003. Wilhite alifariki mwaka 2022, akiwa bado anasisitiza kwamba neno lake linatamkwa "jif". Huku kwetu tunasema "gifu", na sijamsikia aliyelalamika.

Congo nayo si ukurasa mtupu. Jean-Michel Kibushi alianzisha studio yake ya Malembe Maa mwaka 1988, na mwaka 1991 akatoa filamu ya chura aliyekwenda ukweni. Septemba mwaka huohuo wanajeshi walipora Kinshasa. Kibushi alichukua michoro ya watoto waliouona uporaji ule akaichezesha, ikawa filamu ya mwaka 1992. Soma tena sentensi hiyo ukiwa Beni. Watoto wetu wamekuwa wakichora tangu mauaji ya Oktoba 2014, kwenye madaftari na kwenye kuta, na sasa kwenye simu. Zaidi ya miaka 30 imepita na bado tunaweza kusema ile ya Kinshasa ilikuwa michoro ya watoto, na aliyeichezesha alikuwa nani.

Nimemwona mmoja wa hawa wachoraji wetu akiwa kazini. Ni kwenye kibanda cha kuchajisha simu hapa Furu, nilikofuata betri yangu iliyokufa. Kijana ana simu yenye kioo kilichopasuka kona mbili, amefungua FlipaClip, anamchora taximan aliyekwama kwenye matope ya barabara ya Manguredjipa. Anachora kwa ukucha. Picha ya kwanza, gurudumu. Ya pili, gurudumu hilohilo limesogea kidogo, na ile ya kwanza inaonekana chini yake kwa ukungu ili mkono usipotee njia. Picha 12 kwa jumla. Abiria, mama mwenye kitenge na kuku mkononi, hateremki. Kichwa cha kuku ndicho kinachokwenda mbele na nyuma, na hapo ndipo nilipocheka kwa sauti.

"Mama, matope ndiyo yananisumbua," akaniambia. "Nikiyaongeza, inakataa." WhatsApp haipokei stika inayocheza ikizidi kilobaiti 500, na kila tone la tope linaloruka ni uzito. Akafuta tone moja moja mpaka yakabaki matatu. Ikapita. Kilobaiti 500 hata mwenye mega za mwisho anaweza kuzipokea, ndiyo maana kazi hizi zinafika vijijini ambako video haifiki.

Nikamuuliza ameweka jina gani. Akashangaa. "La nini? Ikishatoka ni ya watu."

Sikumbishia sana. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na anayechora bunduki ana sababu nzuri ya kuandika nukta tatu. Aliyeichezesha mikono ya Leopards huenda alifikiri hivyohivyo, na sitamlaumu. Ila taximan kwenye matope atamkamatisha nani?

Wapo waliokwisha kufanya hesabu ya hivi vitu vidogo. Facebook ilitangaza mwaka 2020 kuinunua Giphy, ghala kubwa la GIF, kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 400. Wasimamizi wa ushindani wa Uingereza wakaibana iuze, na mwaka 2023 ikaenda kwa Shutterstock kwa milioni 53. Nyuso za waigizaji Osita Iheme na mwenzake Chinedu Ikedieze, hao ndio Aki na Pawpaw wetu wa filamu ya mwaka 2002, zinamchekesha mtu asiyeijua Nigeria kwenye ramani. Hao angalau wana filamu yenye majina yao. Ukitaka kujua uso ni wa nani, utajua. Kuku wa Manguredjipa ana nini?

Mimi mwenyewe nimechangia upotevu huu. Wakati wa Ebola, Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ugonjwa ulipoua watu 2,287 na tukaacha kupeana mikono hata msibani, nilipokea GIF ya viwiko viwili vinavyosalimiana, kimoja kimevaa shati la shule na kingine koti la mzee. Viwiko vinagusana, mzee anacheka, basi. Nilituma kwa kila mtu. Simu ikaanguka kwenye ndoo ya maji na viwiko vikaenda nayo. Nimeulizia, hakuna aliyeihifadhi, na mchoraji wake sikuwahi kumtafuta wakati angepatikana.

Basi kijana wa Butembo, wa Beni, wa Kasindi: pale programu inapouliza jina la mtengenezaji, usiweke nukta. Ukiogopa jina lako, weka la utani, weka jani, weka herufi mbili unazozijua wewe na mama yako. Na picha zile 12, usiziache kwenye simu peke yake; mpe rafiki nakala kwenye fleshi.

Nawe msomaji, ukiwa bado una viwiko vile, nirushie. Na ukimjua aliyeichezesha ile mikono, mwambie kwamba mama mdogo mmoja wa Beni asiyeandika anasema kupitia kazi yake kila wiki.