Ukitaka kompyuta inyamaze, iongezee feni

Leo nataka tuzungumzie kelele. Sina maana ya kelele za matatu, wala za jirani anayefungulia redio alfajiri. La hasha. Nasema ile iliyo ndani ya nyumba yako mwenyewe, pale kwenye meza ya kijana anayesoma: kelele ya kompyuta.

Kifungua mimba wangu, aliye mwaka wa mwisho chuoni, aliiunda kompyuta yake mwenyewe. Alikusanya vipande kimoja kimoja kutoka Luthuli Avenue jijini Nairobi, mwezi huu kasha, mwezi ujao ubao mkuu, hadi siku moja kitu kikawaka. Nilijivunia kazi hiyo, nikaisimulia kazini hadi wenzangu wakachoka. Lakini kelele yake! Ilivuma usiku kucha mithili ya kinu cha kusagia mahindi.

Mambo yalichacha mamangu mzazi alipokuja kutoka mashambani kwa matibabu ya macho. Tulimpa kitanda katika chumba cha watoto, na humo ndimo kompyuta ilimokuwa. Usiku wa tatu alimwuliza kijana, "Mjukuu wangu, hicho kisanduku chako kinasaga nini kisichokwisha?"

Nami nikajitia hekima. Niliamuru mashine ihamishiwe sebuleni, nikaisukuma ndani ya kabati la televisheni na kufunga mlango wa kioo ili kelele isitoke. Mama watoto, kwa nia njema, aliipamba juu kwa kitambaa cha kufuma. Ikapendeza kweli. Ajabu ni kwamba kelele ndiyo kwanza ikazidi. Siku mbili baadaye, saa saba za usiku, kijana akimalizia mradi wake wa kuhitimu, mashine ilijizima yenyewe. Kazi ya saa tatu ikapotea. Badala ya kumpa pole nilimfokea kwamba ameunda takataka, na kwamba heri angenunua iliyo kamili dukani kama watoto wa wenzangu.

Msomaji, nilikosa. Aliyeiua kompyuta usiku ule ni mimi na kabati langu. Nitakueleza ilivyokuwa, ili yasikufike.

Feni haileti baridi

Wengi wetu hudhani feni hutengeneza baridi. Sivyo. Kazi yake ni kuhamisha joto tu. Umeme unaoingia kwenye kompyuta hugeuka joto karibu wote. Prosesa ya Intel 486, iliyotoka 1989, mara nyingi ilifanya kazi bila feni yake yenyewe. Za siku hizi, zile za kompyuta za mezani, nyingi hula wati 65, na zenye nguvu zaidi hupita 200 zinapopewa kazi nzito. Je, wakumbuka balbu ya zamani ya wati 60 ilivyounguza vidole? Sasa ifungie kabatini, kisha uifunike kitambaa.

Joto la prosesa hupanda hadi kwenye bonge la alumini lenye mapezi, na feni iliyo hapo hulipeperusha. Lakini hulipeperushia wapi? Ndani ya kasha lile lile. Pasipo njia ya hewa mpya kuingia na ya moto kutoka, feni hiyo huzungusha hewa moto tu, kama mtu anayejipepea ndani ya tanuri. Joto likipanda, ubao mkuu huiamuru feni ikimbie zaidi, na hapo ndipo kelele huanzia. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi. Hilo lisipofaa, mashine hujizima ili isiungue. Kwa hiyo ile yetu haikuharibika usiku ule. Ilijinusuru.

Wasomaji wa Mombasa nao wakumbuke kwamba feni haiwezi kuifanya kompyuta iwe baridi kuliko chumba ilimo. Mashine iliyo katika chumba cha nyuzi 32 ina mzigo wa nyuzi 10 zaidi ya iliyo katika chumba cha nyuzi 22. Lakini sisi wa Nairobi tusijigambe. Mji wetu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa kama asilimia 15. Hewa nyepesi hubeba joto pungufu, hata feni ikizunguka vivyo hivyo.

Hesabu ya kelele

Hapa sasa ndipo penye kiini cha mambo. Mtu akisumbuliwa na kelele ya feni, hushawishika kuiondoa au kuifungia. Dawa ni kinyume chake: ongeza feni, lakini ziwe kubwa na zizunguke polepole.

Twaa kalamu tufanye hesabu. Ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, hewa inayopita hupungua kwa nusu pia. Lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huhesabu desibeli 10 kuwa nusu ya sauti. Yaani umepoteza nusu ya hewa, ila umepunguza kelele kwa zaidi ya nusu. Sasa ongeza feni ya pili iliyo sawa na ile ya kwanza, nayo izunguke kwa kasi hiyo ndogo. Kelele itapanda kwa desibeli 3 tu. Kama njia ya hewa iko wazi, utakuwa umerudisha hewa yako karibu yote, na bado uko desibeli 12 chini ya pale ulipoanzia.

Ukubwa nao una faida yake. Feni ya milimita 120 ina eneo zaidi ya mara mbili ya feni ya milimita 80, kwa hiyo haina haja ya kukimbia. Tulipofungua kasha la kijana tulipata feni moja tu ya milimita 80 pale nyuma, kuukuu, ambayo mwuzaji alikuwa ameapa kuwa ni mpya. Mbele hapakuwa na chochote. Feni hiyo ilikuwa punda wa nyumba nzima, na punda akielemewa hulia.

Ufikapo dukani

Kwanza, usiende bila vipimo. Chukua rula upime umbali baina ya matundu mawili ya skrubu yaliyo upande mmoja. Ukipata milimita 105, kasha lako linataka feni ya milimita 120. Ukipata kama 125, linataka ya milimita 140. Makasha mengine yana matundu ya aina zote mbili. Hapo chagua iliyo kubwa, maadamu nafasi ipo.

Pili, tazama waya. Feni yenye pini 4 hupokea amri ya kasi kutoka kwa ubao mkuu kwa njia iitwayo PWM. Yenye pini 3 huongozwa kwa kupunguziwa volti kutoka zile 12 za kawaida. Zote mbili hufaa. Ya pini 3 huingia kwenye soketi ya pini 4 bila shida, ila itakubidi uende kwenye mipangilio ya BIOS uchague DC badala ya PWM. Usipofanya hivyo itazunguka kwa kasi yake yote, nawe utasema umetapeliwa.

Tatu, izungushe kwa kidole karibu na sikio kabla ya kulipa. Ikikwaruza, au ikiyumba katikati, irudishe. Beringi iliyochakaa haina dawa. Hasa jihadhari na feni zilizotolewa katika mashine kuukuu zikasuguliwa zikang'aa. Taa za rangi nazo hazipoozi kitu. Zawapendeza vijana, sikatai, lakini kama fedha ni haba, nunua feni mbili za kawaida badala ya moja yenye taa.

Kazi ya mikono

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani umalizike. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine, ili umeme tuli wa mwilini mwako usidhuru vipande. Na kuna kisanduku kimoja ambacho nakusihi usikifungue kamwe: kile kinachopokea umeme wa ukutani. Kina feni yake, lakini ndani mna vihifadhi umeme vinavyoweza kukupiga hata baada ya waya kuchomolewa. Kikipiga kelele, mpe fundi au kibadilishe kizima.

Hewa iingie kwa mbele, chini, na itoke kwa nyuma na juu, kwa kuwa hewa moto hupanda. Feni nyingi zina mshale ubavuni unaoonyesha hewa iendako. Usipouona, kumbuka kwamba hewa hutokea upande wenye mikono inayoshika mota. Wengi hukosea hapa, wakaelekeza feni mbili zivutane kama ng'ombe wasiofundishwa jembe. Ukimaliza, jaribu kwa kipande cha karatasi nyepesi: mbele kivutwe, nyuma kisukumwe.

Feni mbili za kuingiza hewa na moja ya kutoa zatosha nyumba nyingi. Ni vyema hewa inayoingia izidi kidogo inayotoka, ili vumbi lisinyonywe kupitia kila ufa. Mbele weka kichujio, nawe jirani wa barabara ya vumbi unajua sababu.

Badala ya skrubu za chuma unaweza kutumia pini za mpira, kwani sehemu ya kelele si hewa bali ni mtetemo unaoingia kwenye bati la kasha na kulifanya ngoma. Tuliweka kasha juu ya vipande vya kandambili nzee, na mvumo ukapungua papo hapo. Waya nazo zifunge pembeni, zisizuie hewa wala kugusa mapanga ya feni.

Kama soketi za ubao ni chache, waya wa kugawa utakusaidia. Lakini soma kwanza idadi ya ampea iliyoandikwa kwenye kila feni. Soketi nyingi hubeba ampea 1, kwa hiyo jumla isizidi hapo.

Mwisho, ingia kwenye BIOS uipangie feni mwendo. Sisi tuliamuru zizunguke kama mara 700 kwa dakika hadi prosesa ifike nyuzi 60, kisha zipande taratibu. Aidha, ubao ukikuruhusu, weka sekunde chache za kusubiri kabla feni haijabadili kasi. Sauti inayopanda na kushuka kila mara huudhi kuliko mvumo mmoja wa chini.

Mashine nayo yataka kupumua

Baada ya hayo yote, usirudie kosa langu. Acha nafasi ya kiganja nyuma ya kasha. Usiliweke juu ya zulia wala chini ya kitanda. Kila baada ya miezi mitatu au minne pangusa kichujio na mapezi kwa brashi laini, nawe ushike mapanga ya feni yasizunguke ovyo unapopuliza. Vitambaa vya kufuma tuviache kwenye makochi.

Sisi tulifanya kazi hiyo Jumamosi moja alasiri, mimi nikishika tochi na kijana akishika bisibisi. Tuliitoa mashine kabatini, tukaweka feni mbili za milimita 120 mbele na moja nyuma. Kabla ya hapo, ndani ya kabati, prosesa ilikuwa ikifika nyuzi 94 kwa kazi nzito. Sasa haivuki 70. Tulipoiwasha, kijana aliinama akaangalia kama kweli inawaka. Hakusikia kitu.

Mashine ilirudi katika chumba cha watoto. Asubuhi yake mamangu aliuliza, "Na kile kinu, mmekiuza?" Tulicheka sote. Kisha nilimwomba mwanangu radhi mbele ya nyanyake kwa maneno niliyomwambia usiku ule. Hakusema mengi. Alisema, "Baba, nilitaka kukwambia kuhusu kabati, lakini ulikuwa umeshakasirika."

Maneno hayo yaliniingia. Watoto wetu wengi wanajua mambo ya mashine hizi kutupita sisi, na tunawafungia midomo kama nilivyoifungia kompyuta mlango wa kioo. Mradi aliuandika upya kwa usiku minne, akauwasilisha siku ya mwisho. Nyanya alilala fofofo siku zote hizo.

Basi leo, kabla hujamfokea mtu kwa sababu ya kelele, weka kiganja chako nyuma ya kompyuta usikie hewa inayotoka. Ikiwa ni moto na inatoka kwa kusuasua, wajua la kufanya. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.