Urafiki wa Dhalimu Hauna Amana

Ndugu msomaji, usihadaike na mtawala wa mabavu ashikapo bendera ya dini. Itazame Sudan. Mwaka 1977 Hassan al-Turabi alipatana na Jaafar Nimeiry, akapewa cheo. Machi 1985 Nimeiry huyo huyo akamtia gerezani pamoja na wenzake.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, Turabi hakushtuka. Mwaka 1989 wafuasi wake walimsaidia Omar al-Bashir kuipindua serikali iliyochaguliwa na raia. Mwaka 1999 Bashir akalivunja bunge ambalo Turabi alikuwa spika wake, 2001 akamfunga.

Je, dini ilifaidika nini? Ilipakwa matope ya dhulma isiyo yake. Dhalimu hakushirikishi utawala, hukutumia tu. Ukimsaidia kuwatia wenzio pingu, jua na mkono wako ameshaupima.