Mkulima naye huzeeka: Akiba ya uzeeni ianzie kwenye mauzo ya mavuno

KILA msimu wa mauzo ya kahawa unapofika, vijiji vya Mbinga huchangamka. Mabati yanapakiwa, pikipiki mpya zinaonekana barabarani na harusi zinapangwa. Miezi michache baadaye, wakulima walewale wanakopa debe la mahindi.

Nayafahamu hayo kwa sababu nimekulia humo. Baba yangu amelima kahawa kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka juzi goti lake lilikataa kupanda mlima na fedha ya matibabu haikuwapo. Mimi, mwanawe msomi niliyetegemewa kuwa pensheni yake, nilikuwa nimetoka kulipa ada ya watoto na kodi ya nyumba. Tukauza nusu eka ya kahawa iliyokuwa ikizaa vizuri. Goti limepona kiasi, lakini shamba halikurudi.

Ndugu msomaji, baba si mvivu wala si mlevi. Mwalimu mmoja wa kijijini kwetu, ambaye kwa miaka mingi kipato chake hakikumzidi baba, leo anapokea pensheni kila mwezi. Tofauti yao ni kwamba fedha ya mwalimu ilikatwa kabla haijafika mkononi. Ya baba ilifika yote, ikaisha yote.

Jambo hili limechunguzwa na wachumi. Richard Thaler wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, pamoja na mwenzake Shlomo Benartzi, walichapisha mwaka 2004 utafiti kuhusu wafanyakazi walioshindwa kuweka akiba ya kustaafu. Mpango wao ulianza kujaribiwa mwaka 1998 katika kiwanda kimoja. Mshauri wa fedha aliwataka wafanyakazi waongeze akiba papo hapo kwa asilimia 5 ya mshahara. Wengi walisema hawawezi.

Hao waliokataa wakapewa njia nyingine: wakubali leo kwamba kila mshahara utakapopanda, sehemu ya nyongeza hiyo iende moja kwa moja kwenye akiba. Wangeweza kujitoa wakati wowote. Asilimia 78 ya walioelezwa mpango huo walikubali, na wanne kati ya kila watano wao walikuwa bado wamo hadi nyongeza ya nne. Katika miezi 40, akiba yao ilipanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi asilimia 13.6.

Siri yake ni nyepesi. Binadamu anaumia anapopunguziwa alichozoea kukishika. Lakini kutoa kesho, katika fedha ambayo bado hajaiona, hakumuumi. Na akishaingia katika utaratibu, uvivu uleule uliomzuia kuanza unamzuia kujitoa.

Mkulima atasema: mimi sina mshahara, nyongeza nitaitoa wapi? Jibu ni kwamba mkulima ana mavuno. Nchini Malawi, wachumi waliwasaidia wakulima wa tumbaku kupokea fedha ya mauzo moja kwa moja katika akaunti zao za benki, na baadhi yao walipewa nafasi ya kufunga sehemu ya fedha hiyo hadi tarehe waliyoichagua wenyewe. Utafiti huo uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa msimu uliofuata wakulima waliopewa nafasi hiyo walitumia pembejeo nyingi zaidi na kuvuna zaidi.

Tufanye hesabu. Chukulia mkulima anayebaki na Sh2,000,000 kwa msimu baada ya gharama. Mwezi Machi, kahawa ikiwa bado mtini, anatia saini kwamba msimu huu zikatwe asilimia 2, yaani Sh40,000. Kila msimu unaofuata anaongeza asilimia 2 hadi afike 10, ambayo ni Sh200,000. Bei ikianguka, haongezi. Kwa kurahisisha, tuseme mapato hayabadiliki: misimu mitano ya kwanza inampa Sh600,000, na misimu 20 inayofuata inampa Sh4,000,000. Jumla ni Sh4,600,000 kabla ya faida yoyote. Nusu eka yetu isingeuzwa.

Fedha hiyo isikae chini ya godoro, maana mfumuko wa bei utaila. NSSF hupokea waliojiajiri, wakiwamo wakulima na wafanyabiashara wadogo. Lakini kumbuka kuwa pensheni ya kila mwezi inahitaji michango isiyopungua ya miezi 180, yaani miaka 15. Anayeanza na miaka 40 ana nafasi. Anayengoja hadi 58 amechelewa. Vipo pia vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS.

Mama lishe na muuza mitumba naye asijione yuko nje. Yeye hana msimu wa kahawa, lakini ana Desemba na sikukuu. Aamue mwezi Oktoba kiasi gani cha mauzo ya sikukuu kitaingia kwenye akiba, kabla hajakishika.

Kuna hofu moja ambayo siwezi kuibeza. Wakulima wengi wamewahi kukatwa fedha wasiyoiona tena. Katika chama kimoja nilichowahi kufanya nacho kazi, makato ya misimu miwili yalikosa maelezo hadi leo. Kwa hiyo chama cha msingi kisishike akiba ya mtu hata siku moja. Kazi yake iishie kukata na kupeleka katika akaunti yenye jina la mwanachama, na ujumbe wa simu umfikie mwenyewe siku hiyohiyo. Pasipo hilo, mimi mwenyewe nisingemshauri baba atie saini.

Serikali nayo ina sehemu yake. Rwanda ilianzisha mpango wa EjoHeza mwishoni mwa mwaka 2018 unaowapokea hata wasio na mshahara, na Serikali yake ikawaongezea mchango wenye kipato cha chini katika miaka ya mwanzo. Mwajiriwa wa hapa nchini huchangiwa na mwajiri wake. Mkulima analeta fedha za kigeni, naye anachangiwa na nani?

Bei ya kahawa duniani ilipanda sana mwaka 2024 hadi mwanzoni mwa 2025. Waliouza vizuri kipindi kile wajiulize ni kiasi gani kimebaki. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mkulima wetu anachumia juani, lakini kivuli chake anakiuza akiwa mzee. Msimu ujao usikukute hujatia saini.