Dawa mpya iingie kwa idhini

Askari aliyevunjika mguu na kulala kitandani majuma mengi hukabiliwa na adui asiyeonekana: damu kuganda ndani ya mshipa. Donge likiondoka mguuni na kufika mapafuni laweza kuua kwa muda mfupi. Donge litokalo katika moyo wenye mapigo yasiyo na mpango, likipanda ubongoni, huleta kiharusi. Ndiyo maana habari za asundeksiani, dawa mpya ya kampuni ya Bayer ya Ujerumani, zinawahusu wanajeshi na polisi wa mwambao wetu.

Kinga ya siku nyingi ni warfarini. Ilianza kama sumu ya panya, ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954, na mwaka uliofuata akapewa Rais Eisenhower wa Marekani, jenerali aliyeongoza majeshi ya Washirika huko Ulaya, baada ya kupatwa na ugonjwa wa moyo. Inafaa, lakini ina masharti magumu. Ikipungua, damu huganda. Ikizidi, mgonjwa hutokwa damu hata ubongoni. Lazima damu ipimwe mara kwa mara. Hata lengalenga na sombe, zikiliwa tele leo na kuachwa kesho, hubadili nguvu zake. Askari wa doria kati ya Rumonge na Nyanza-Lac hawezi kuchagua chakula chake kila siku.

Asili ya dawa mpya ni hii. Damu huganda kwa msaada wa protini nyingi zinazoamshana kwa zamu. Wataalamu waliona kuwa watu waliozaliwa na upungufu wa ile ya kumi na moja hawatokwi damu mno, na kiharusi huwapata kwa nadra. Asundeksiani huizuia protini hiyo.

Je, imefaulu? Katika jaribio la wagonjwa 14,810 wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpango, ilipambanishwa na apiksabani. Kutokwa damu kulipungua kweli, lakini waliopatwa na kiharusi au donge katika viungo vingine walikuwa asilimia 1.3, dhidi ya 0.4 kwa apiksabani. Jaribio likasimamishwa Novemba 2023. Miaka miwili baadaye, Novemba 2025, Bayer ilitangaza ushindi kwa wagonjwa wa aina nyingine: waliokwisha kupata kiharusi kisichotokana na moyo, wakaimeza pamoja na dawa za jamii ya aspirini. Mlinzi hodari wa lango moja si lazima afae lango jingine.

Kwa hao wa pili, twaona matumaini ya idhini ni makubwa. Hata hivyo, wakaguzi wasiharakishwe. Ksimelagatrani ilipokelewa Ulaya, Marekani ikaikataa mwaka 2004, na mwaka 2006 ikaondolewa sokoni kwa sababu ya kudhuru ini.

Na idhini ya Ulaya siyo idhini ya Burundi. Hapa kwetu kazi hiyo ni ya ABREMA, mamlaka ya kusimamia dawa na vyakula. Polisi wa bandari ya Rumonge, ipokeayo vyombo vitokavyo Kigoma na ng'ambo ya Kongo, wanajua kuwa si kila boksi lina kilichoandikwa juu yake. Kidonge bandia cha kuzuia damu kuganda ni hatari kwa namna mbili: kisipokuwa na dawa, donge huendelea kukua, kikiwa nayo kupita kiasi, mtu hutokwa damu ndani kwa ndani.

Wanaotumia warfarini wasiiache kwa kusikia sifa za dawa nyingine. Mwaka 2022, utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulionyesha kuwa, kwa waliodhuriwa moyo na homa ya baridi yabisi, dawa za jamii ya warfarini ziliokoa maisha kuliko rivaroksabani iliyo mpya. Ugonjwa huo ungali mwingi katika nchi zetu. Kwa hiyo, kabla hatujaulizia bei ya asundeksiani, twaomba vipimo vya damu kwa watumiao warfarini viwekwe karibu na kambi na vituo vyote vya mwambao.