Bei ya kiondo ni hesabu tusiyoifunza

Kila aliyepitia shule zetu za msingi amewahi kupewa swali la hisabati lenye umbo hili: mfanyabiashara alinunua shati kwa Sh400 akaliuza kwa Sh550, je, alipata faida ya kiasi gani? Jibu ni jepesi, na mwalimu hutia alama yake ya vema. Swali lenyewe halina kosa. Hata hivyo, ukiyasoma maswali ya aina hiyo moja baada ya jingine, utatambua kwamba anayetafutiwa faida humo karibu siku zote ni mtu aliyenunua kitu kilichokwisha kutengenezwa. Aliyelishona shati hayumo katika hesabu.

Nalitaja jambo hili kwa sababu hesabu hiyo ya mchuuzi ndiyo tunayotoka nayo shuleni, hata wale miongoni mwetu ambao si wachuuzi. Mama wa Machakos, Kitui au Makueni anayesuka viondo hufika sokoni akiwa nayo kichwani. Akiulizwa kiondo kilimgharimu nini, atataja katani, rangi, na pengine mikanda ya ngozi. Hizo ndizo fedha zilizotoka mkobani mwake, kwa hivyo kwake hizo ndizo bei ya kununulia. Chochote kinachozidi hapo hukiita faida, akarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Ilhali kiondo kile hakukinunua. Alikitengeneza kwa mikono yake, na bei ya kitu kilichotengenezwa hutafutwa kwa njia nyingine kabisa.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Majani ya mkonge huparuzwa hadi nyuzi zitoke. Nyuzi hukaushwa, hutiwa rangi, kisha husokotwa kwa kiganja juu ya paja mpaka ziwe uzi mwembamba ulio imara. Ndipo kusuka kunapoanza, kutoka kitakoni kupanda mzunguko kwa mzunguko hadi mdomoni. Wengi wetu tumewaona akina mama wa Ukambani wakisuka huku wakienda kisimani, au wakiwa wameketi katika mkutano wa chama. Mtalii huona hilo kuwa jambo la kupendeza, akapiga picha. Mimi naona kwamba hapo ndipo bei inapopotelea, kwa kuwa kazi inayofanywa katikati ya kazi nyingine haina saa ya kuanza wala saa ya kumaliza. Mama huyo akiulizwa kiondo kilichukua muda gani, atasema "kama majuma mawili hivi," na hakuna awezaye kulipia "hivi."

Mimi ni mtu wa isimu wala si mwanauchumi, na msomaji ataniwia radhi nikigusia maneno kidogo. Neno rahisi tulilipata kutoka Kiarabu, ambako lilimaanisha kitu cha bei ya chini. Kiswahili kikaihifadhi maana hiyo na kuongeza ya pili, yaani jambo lisilo gumu kulitenda. Basi mnunuzi anaposema "mama, nifanyie rahisi," maana zote mbili zimo katika kinywa kimoja, na ni wepesi kuteleza kutoka ile ya bei hadi ile ya kazi. Sidai kwamba lugha ndiyo inayomnyima mama haki yake. Hata wanaozungumza lugha zenye maneno mawili tofauti kwa dhana hizo huuza kazi ya mikono yao kwa hasara. Isitoshe, Kiswahili hicho hicho kina neno zuri ambalo tumelisahau katika mazungumzo ya soko, nalo ni ujira. Ujira ni malipo ya kazi. Faida ni kile kinachobaki baada ya ujira kulipwa. Mwenye kiwanda hawezi kuita faida mishahara ya wafanyakazi wake, lakini mwenye kiondo hufanya hivyo kila juma kwa kuwa mwajiri na mwajiriwa ni mtu mmoja.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu ambazo mwalimu aweza kuzibadilisha kulingana na mahali alipo. Tuseme katani na rangi ni Sh250, mikanda na bitana ni Sh300, na kazi yote, kuanzia kusokota nyuzi hadi kukata ncha, ni saa 30. Tuseme pia kwamba kibarua wa shamba mahali hapo hulipwa Sh400 kwa siku ya saa nane, yaani Sh50 kwa saa. Ujira wa kiondo basi ni Sh1,500. Ongeza Sh150 za nauli, sindano, ushuru wa soko, na fungu la kufidia viondo vilivyoharibika. Jumla ni Sh2,200. Hapo hatujaitaja faida hata kidogo.

Sasa tuseme mama huyo amekiuza kiondo kando ya barabara kwa Sh1,200. Kwa hesabu ya mchuuzi, ametoa Sh550 za vifaa, akapata faida ya Sh650, na amefurahi. Kwa hesabu ya fundi, ukiondoa na zile Sh150, amebaki na Sh500 kwa saa 30, yaani chini ya Sh17 kwa saa. Angalimlimia jirani yake, angalipata mara tatu ya hizo. Kwa hakika, mama huyo ndiye aliyemlipia mnunuzi sehemu ya kiondo.

Hapa ndipo linapokuja suala la bei mbili, ile ya jumla na ile ya rejareja, ambalo wengi hulielewa kinyume. Husemwa kwamba mwenye duka la Nairobi anayekinunua kiondo kwa Sh2,500 na kukiuza kwa Sh5,000 ni mnyonyaji. Kuzidisha bei ya jumla kwa mbili ni desturi iliyoenea katika maduka ya zawadi ya nchi nyingi, na kabla ya kumhukumu mwenye duka yafaa tumhesabie naye. Ikiwa amesajiliwa kutoza ushuru wa VAT wa asilimia 16, na ushuru huo umo ndani ya zile Sh5,000, takriban Sh690 ni za serikali. Ondoa Sh2,500 alizomlipa fundi. Anabaki na Sh1,810. Humo mna kodi ya chumba, umeme, mshahara wa muuzaji, mfuko wa kufungia, na kiondo kingine kilichokaa rafuni mwaka mzima mpaka rangi yake ikapauka. Huenda bado akawa anapata vizuri. Lakini anachopata anakipata kwa kazi ya kuuza, ambayo ni kazi.

Unyonyaji upo, ila haupo pale unapodhaniwa. Upo kijijini, wakati wa kiangazi, karo ya shule inapodaiwa, mlanguzi anapokuja na gari na kununua viondo vyote kwa Sh600 kimoja. Mlanguzi huyo hajafanya kosa kwa kununua kwa jumla. Anayechukua viondo 50 kwa mkupuo humwokolea fundi siku nyingi za kuketi juani, na ni haki apunguziwe. Lakini punguzo hilo lastahili kutolewa katika zile siku zilizookolewa, lisikatwe katika ujira wa kusuka. Katika mfano wetu sakafu ni Sh2,200. Fundi akiongeza Sh300 za faida yake, zitakazonunua katani ya msimu ujao au kumsitiri katika mwezi usio na wateja, bei yake ya jumla ni Sh2,500. Chini ya sakafu hiyo, kila kiondo kinachouzwa kinamwongezea umaskini, na viondo 50 vinamwongezea mara 50.

Kuna kosa jingine ambalo hutendwa na mafundi wenyewe, tena kwa nia njema. Fundi humuuzia mwenye duka kwa Sh2,500 siku ya Jumatatu, kisha siku ya soko, pale Maasai Market, akatandaza viondo vile vile na kuviuza kwa bei ile ile ya jumla, au pungufu. Mgeni aliyenunua dukani kwa Sh5,000 akipita hapo atajiona ametapeliwa. Mwenye duka naye hatarudi kununua, na ni nani atakayemlaumu? Fundi mwenyewe amepoteza pia, kwa maana siku hiyo nzima alikuwa akifanya kazi ya mwenye duka bila malipo. Anayeuza rejareja anastahili bei ya rejareja, hata kama duka lake ni leso iliyotandazwa chini. Si lazima ifike Sh5,000, kwa kuwa halipi kodi ya chumba jijini, lakini isiwe mbali nayo hata kumvunja mwenziwe.

Vipi basi kuhusu kupatana bei? Desturi hiyo ni yetu, na sioni sababu ya kuiacha. Biashara haigombi. Ila mwenye kupatana bila kuijua sakafu yake hashindwi na maneno ya mnunuzi. Hushindwa na jua linapotua, akikumbuka kwamba basi la mwisho linaondoka.

Jambo lililo gumu zaidi ni mali kauli, yaani bidhaa kupewa mwenye duka kwa ahadi ya kulipa zikishauzwa. Mpango huu ni wa zamani katika biashara ya pwani, na waliaminiana walioutumia. Siku hizi fundi huacha viondo 20 dukani kwa bei ile ile ya jumla ambayo angemtoza mwenye kulipa taslimu, kisha husubiri miezi minne. Katika miezi hiyo mtaji uliolala rafuni ni wake, na kikiliwa na panya ni chake. Anayebeba hatari ya mwenye duka alipaswa kupata sehemu kubwa zaidi ya bei ya mwisho, tena kwa maandishi: ni vingapi vimeachwa, vitalipwa lini, na vilivyoharibika ni vya nani.

Najua msomaji ataniuliza: soko likikataa Sh2,500 je? Swali ni la haki. Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini tumeona viondo vyema vikitembezwa barabarani kutwa nzima. Hesabu ya sakafu haimlazimishi mtu yeyote kununua. Humwonyesha fundi tu mahali alipo, ili achague akijua: apunguze saa kwa kutumia nyuzi zilizosokotwa kiwandani, atafute mnunuzi wa mbali anayethamini katani ya mkono, asuke kwa msimu tu, au aache. Mabinti wengi wa wasukaji hao wamekwisha kuchagua kuacha. Wala hawakuhitaji darasa la hisabati kulifikia jibu hilo. Waliwatazama mama zao.

Wachongaji wa Wamunyu na Mombasa walilipata funzo kama hilo kwa upande wa malighafi. Kwa miaka mingi mti ulionekana kuwa wa bure au karibu na bure, na bei ya kinyago haikubeba gharama ya kuupanda mwingine. Mpingo na muhugu vikaadimika, na wengi wakageukia mwarobaini, mti unaokua haraka. Katani inayokatwa kwenye ua wa shamba nayo huhesabiwa kuwa bure, mpaka ua utakapoisha.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, watoto wetu walifunzwa kusuka na kuchonga ili wajitegemee. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, nao una sanaa za mikono. Katika yote mawili mwanafunzi huonyeshwa namna ya kuanza kitako na kufunga mdomo wa kikapu, na kikapu hutuzwa alama. Saa alizotumia hazimo popote katika alama hizo. Mwalimu wa sanaa akimruhusu kila mwanafunzi kuandika kwenye karatasi ndogo, iliyofungwa kwenye mpini wa kikapu, saa alizofanya kazi kila siku, mwalimu wa hisabati atakuwa na swali la kuuliza, na mwalimu wa Kiswahili atapata nafasi ya kufunza tofauti kati ya ujira na faida. Kisha siku ya wazazi vikapu viwekwe mezani vikiwa na karatasi zile, tuone ni mzazi gani atakayeomba apunguziwe.