Elimu ya Jeni Si ya Mtihani Tu

Wako wenzetu wasemao ya kuwa somo la jeni ni la kukariri tu, apate mtu kufaulu mtihani wa Kidato cha Nne kisha alisahau. Mimi sikubaliani nao. Katika wilaya yenye wafugaji wengi kama hii yetu ya Momba, somo hilo latuhusu kuliko tudhanivyo.

Fikirini vimelea viletwavyo na mbung'o. Ni viumbe vya seli moja tu, viitwavyo tripanosoma. Kimoja, Trypanosoma brucei brucei, huwapa ng'ombe nagana, lakini mtu hakimdhuru kwa kuwa damu yetu hukiua. Ndugu yake, rhodesiense, hutupa malale, ugonjwa uuao usipotibiwa. Huyo alielezwa na wataalamu mwaka 1910, kutokana na mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, kwa jirani zetu wa Zambia. Viwekeni vyote viwili chini ya hadubini: hata mtaalamu mwenye macho makali hawezi kuvitofautisha. Tena rhodesiense huweza kukaa katika damu ya ng'ombe, naye ng'ombe akaendelea kula majani kama mzima.

Zamani njia ya kujua ilikuwa ni mwili wa binadamu wenyewe. Huko Tinde, Shinyanga, kuanzia mwaka 1934 watu waliojitolea waliambukizwa kwa makusudi, ili ijulikane kama vimelea vilivyopitishwa katika wanyama bado vyaweza kumdhuru mtu.

Mwaka 1998 wataalamu wa Ubelgiji walithibitisha kwamba jeni iitwayo SRA ndiyo hukikinga kimelea kisiuawe na damu yetu. Rhodesiense anayo, brucei hana. Mwaka huo huo malale ilizuka Soroti, Uganda, mahali ambapo haikujulikana hapo kwanza. Damu ya ng'ombe ilipopimwa jeni hiyo, mwaka 2001 ikathibitika kwamba ng'ombe wa huko walibeba vimelea vya malale. Ugonjwa ulikuwa umefika pamoja na mifugo iliyonunuliwa kutoka sehemu zenye malale. Hakuna jicho ambalo lingeliona jambo hilo.

Kwa hiyo nina maoni mawili. Kwanza, ng'ombe watokao penye mbung'o wapewe dawa ya kuua vimelea hivyo kabla ya kufikishwa mnadani. Najua mfugaji atauliza, dawa ataipata kwa fedha gani? Swali lake ni la haki, na kwa sababu hiyo naona Serikali imsaidie, maana anayekingwa si ng'ombe wake tu, bali na watoto wa kijiji ambacho ng'ombe huyo atauzwa.

Pili, vipimo vya jeni visibaki katika maabara za miji mikubwa. Angalau iwepo njia ya hakika ya kupeleka damu kutoka wilayani na kurudishiwa jibu upesi. Lakini vipimo havijipimi vyenyewe. Watakaovifanya kazi hiyo ni sisi tulioketi darasani leo, nasi hatutaiweza ikiwa tutaifunga elimu hii pamoja na daftari siku ya mwisho wa mtihani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne