Herufi zibanwe, zisidumazwe

Gazeti hili husomwa na wafanyabiashara wa mpakani na sisi tuliorejea nyumbani, tuliosomea uhamishoni kwa Kiswahili. Tunalitegemea kwa notisi za ushuru na za mashamba. Kwa hiyo umbo la herufi zake si pambo.

Kiswahili kina maneno marefu. "Hawakuturudishia" ni neno moja lenye herufi 16. Katika safu nyembamba hukatwa vipande viwili. Ndiyo maana zinatufaa herufi zilizobanwa ubavuni, zenye vijimkia nchani. Times New Roman, iliyoanza kutumiwa na gazeti la The Times la London tarehe 3 Oktoba 1932 chini ya usimamizi wa Stanley Morison, ilibana upana ili mstari ubebe maneno mengi, lakini a, e na o zilibaki na kimo cha kutosha.

Hilo ndilo somo kwa wahariri wetu: wabane upana, wasipunguze kimo wala nafasi kati ya mistari. Darasani naona watu wazima wakiruka mistari iliyosongamana. Mwenye mzigo forodhani akiruka mstari, hulipa yeye, si mpiga chapa.